Upande B na Ukuta wa Mwisho

Watu huniomba ushauri wa mambo nisiyoyajua, kama siasa na magonjwa ya kuku, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza jambo ninalolijua sawasawa: mtu anayepaka nyumba rangi asikilize nini. Basi nitasema bila kuulizwa. Nyumba yangu ya Manga niliipaka kwa mikono yangu, redio ya kanda ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa na baba yangu akiwa juu ya ngazi. Ninajua ninachokisema.

Kwanza, usicheze muziki wa simu. Nyimbo za vijana wa Nairobi zina utamu wake, sikatai, na mimi mwenyewe huzisikiliza nikienda kazini Kisii mjini. Ubaya wake zinaisha haraka. Hujamaliza kulowesha rola, wimbo umekwisha na tangazo la sabuni limeingia, nawe unashuka ngazi kwenda kugusa kioo cha simu kwa kidole chenye rangi. Simu yangu ya wakati ule ilibaki na doa la njano mpaka ilipokufa. Unachotaka ni albamu nzima, kitu kilichopangwa na mtu aliyekaa akafikiri wimbo gani ufuate upi, halafu akakuacha ufanye kazi yako.

Baba alikuwa na sheria yake kuhusu hilo: ukuta mmoja, upande mmoja wa kanda. Upande A ukiisha, unashuka, unakunywa chai, unageuza kanda. Kanda ikiisha na ukuta haujaisha, wewe ni mvivu. Ukuta ukiisha na kanda bado inaimba, umelipua kazi. Nilimwambia hiyo si sheria ya rangi, ni sheria ya mtu anayependa chai. Akasema mambo hayo mawili hayapingani.

Baba ni mkulima wa chai. Hajawahi kushika gitaa, na sauti yake ni mbaya kiasi kwamba katika ujana wake kwaya ya kanisa Katoliki ilimwomba awe anapiga makofi tu. Lakini ana sanduku la mbao lililojaa kanda, na kanda ikikwama huizungusha kwa kalamu ya biro, polepole, ulimi nje. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa sanduku lile. Tungeweza kuvunja sahani, hata chungu cha maziwa, na mambo yakaisha.

Sasa nieleze kwa nini mzee huyo alikuwa ndani ya nyumba yangu, maana Mgusii anayesoma hapa ameshashtuka. Kwetu, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi, ni heshima. Tunaiita chinsoni, ile haya njema inayomweka kila mtu mahali pake. Siku hizi wazee wengine wamelegeza. Wanaketi kwenye makochi ya wana wao na kushika rimoti ya televisheni kama wenye nyumba. Baba yangu hakulegeza hata kidogo. Miaka yote tuliyopanga mjini, alikuwa akituletea ndizi, anazishusha mlangoni, anasimama kwenye korido akituuliza habari, na chai anainywa hapohapo wima, wapangaji wenzetu wakimpita na ndoo zao.

Ila nyumba hii mpya ilimpa upenyo. Nilipomaliza kuezeka, shangazi yangu, dada yake mkubwa, alimkuta akiingia na kutoka kukagua plasta. Akamwuliza kama hana haya uzeeni. Baba alikuwa amejiandaa. "Nyumba isiyo na kitanda ni ghala," akasema. "Siku kitanda cha hawa wawili kitakapovuka kizingiti, mimi mtaniona nje." Shangazi alifikiri kwa muda, akatafuta kosa asilione, akasema mbuya, ni sawa. Tangu hapo hiyo ikawa sheria ya boma letu, na hakuna aliyeuliza tena.

Basi nikachukua likizo kazini. Nilitaka baba apake sebule yangu pamoja nami, kuta zote nne, kabla kitanda hakijafika. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyoitaka nyumba yenyewe, na sioni aibu kusema. Mimi ningeishi ndani ya kuta hizo maisha yangu yote, naye asingeziona tena. Angalau ziwe na mkono wake.

Kitanda nilikuwa nimeagiza kwa seremala wa Mosocho. Nani asiyewajua maseremala? Ukiambiwa Jumatatu, ujue ni Jumatatu, ila hujaambiwa ya mwezi gani. Mimi nikajiona mjanja. Nilikihitaji kitanda Jumapili, kwa hiyo nikamwambia seremala kwamba bila kukosa, lazima kifike Jumatano. Nilipiga hesabu kwamba Alhamisi angenidanganya, Ijumaa angezima simu, na Jumapili angekuja akitokwa jasho, akimlaumu mtu wa vanishi. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Tulianza na msasa, na hapa ndipo ushauri wangu wa pili unapoingia. Kwa msasa, weka benga ya huku kwetu. Baba alikuwa na albamu moja ya bendi ya zamani, gitaa jepesi linalokimbia bila kupumua, na mwimbaji anayewasengenya majirani zake kwa majina kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono wenyewe unafuata gitaa. Vumbi linapanda, unapiga chafya kwa mdundo, na kabla hujachoka ukuta umekuwa laini. Lakini ikifika rangi, benga iondoe. Nilijaribu kupaka ukuta wa stoo kwa albamu hiyohiyo na mpaka leo ukiingia utaona michirizi imekauka ikiwa mbioni.

Rangi yenyewe aliichagua mke wangu: njano ya ndizi iliyoanza kuiva. Baba alitaka kijani cha majani ya chai. Nikamwambia, Tata, unakiona kijani cha chai kila ukifungua mlango, hujakichoka? Akanijibu kwamba mtu hachoki kinachomlisha. Hata hivyo, mkono wake ulipoanza kupaka ile njano, alisogea nyuma, akafunga jicho moja, akasema mkamwana wake ana akili.

Hakumwambia mwenyewe. Aliniambia mimi nimwambie, na mke wangu yuko jikoni, hatua chache tu, anasikia kila neno. Hivyo ndivyo wiki ile ilivyokwenda. Mkwe na mkamwana hawakukaa chumba kimoja, lakini walikuwa wakibishana kutwa kupitia kwangu. Mke wangu ni mzaliwa wa Keumbu, Msabato, sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao, na yeye alikuwa akipaka jikoni kwa albamu ya kwaya isiyo na ala hata moja. Sebuleni kulikuwa na rumba ya Kikongo. Korido ilikuwa mpaka, na mimi nilikuwa polisi wa mpakani.

"Mwambie mke wako," baba anasema, "hao watu wake wanaimba vizuri, lakini ni kama wanaogopa kumwamsha mtoto."

"Mwambie Tata," sauti inatoka jikoni kabla sijafungua mdomo, "awasikilize akipaka pembeni mwa swichi, aone kama mkono utatetemeka."

Baadaye, nilipotoka kuchota maji, nilirudi nikamkuta amezima rumba. Alikuwa amepiga magoti karibu na swichi ya taa, brashi ndogo mkononi, anavuta mstari kwa pumzi moja huku ile kwaya ikishuka taratibu kutoka jikoni. Mstari ulinyooka kama uzi. Aliponiona akawasha rumba haraka na kusema betri zilikuwa zinapumzika. Kwa hiyo andika hili: kwa pembe, kwa swichi, kwa mahali pote ukuta unapokutana na dari, weka kwaya isiyo na ala. Ukishikilia pumzi pamoja nao, huharibu.

Wakati wa kungoja rangi ikauke, weka obokano, zeze letu la nyuzi nane. Hiyo si ya kufanyia kazi, usijaribu. Ni nzito, inaunguruma chini kabisa, na mpigaji anakusimulia jambo ambalo hana haraka nalo. Tulikuwa tukikaa kizingitini, baba ndani na mimi nje, tukila mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyesema kitu mpaka mpigaji amalize. Nafikiri siku zile za kungoja rangi ndizo nilizozungumza na baba yangu zaidi ya zote, ingawa sikumbuki tulisema nini.

Lakini kwa kuta zenyewe, kuta kubwa za rola, hakuna kinachoshinda rumba. Albamu aliyoipenda baba ilikuwa na nyimbo ndefu, mbili au tatu tu kila upande. Mwanzo mwimbaji anabembeleza. Analalamika kwa lugha ambayo sisi wawili hatuijui, na rola inapanda na kushuka kwa adabu. Kisha magitaa yanafunguka, inaingia sebene, ile sehemu ya kucheza, na hapo uwe macho. Baba alikuwa akicheza juu ya ngazi. Kiuno upande huu, rola upande ule, matone yananirukia mimi niliyeshikilia ngazi chini. Nilimwambia Tata, utaanguka. Akasema mtu haanguki akiwa kwenye mdundo, huanguka akiutafuta. Jioni nilikuwa nikitoka na madoa ya njano kichwani, na mama akiniuliza kama tunapaka nyumba au tunapakana.

Kuta tatu zikaisha hivyo. Ukabaki wa nne, wa dirisha la barazani, ambao tulikuwa tumeupangia kanda yake: rumba ileile, upande B. Baba aliutunza upande huo kwa ajili ya mwisho. Alisema sebene yake ya mwisho ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, na kwamba alitaka kumaliza nyumba yangu nayo.

Ilikuwa Jumatano mchana. Tulikuwa tumefika katikati ya ukuta, wimbo wa kwanza wa upande B unakaribia kuisha, niliposikia honi langoni. Nikachungulia. Pikapu ilikuwa imesimama kwenye migomba, na juu yake kitanda changu, mvule mtupu, kimefungwa kwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Kando yake seremala alikuwa amesimama akitabasamu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Mosocho, seremala alikuwa amefika siku aliyoambiwa.

"Nilikuahidi, bosi!" akapaza sauti. "Jumatano ni Jumatano. Hii kitanda tupeleke wapi?"

Nyuma yangu baba alikuwa ametua rola. Mke wangu akatoka jikoni, akatazama pikapu, akanitazama mimi, na nikaona anajua kila kitu nilichokuwa nimefanya bila mimi kueleza.

"Kishusheni hapo kwenye nyasi," baba akasema kutoka ndani. "Kisivuke mlango. Sisi bado tuna nusu ukuta."

Kikashushwa kwenye nyasi, katikati ya ua. Seremala hakuelewa, lakini alipoona hakuna mtu anayelalamika juu ya kazi yake, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaomba chai. Majirani wakaanza kuja. Kitanda kikubwa uani ni kitu cha kutazamwa. Mmoja akakigonga kusikia kama mbao ni ngumu, mwingine akakaa kujaribu, shangazi akafika na fimbo yake akataka kujua nani amefiwa. Ndani, baba aliongeza sauti ya redio na tukarudi kazini.

Na hapo ndipo mawingu yalipoanza kupanda nyuma ya kilima cha Manga. Anayeijua Kisii anajua mvua ya alasiri haibishi hodi. Nilitoka nje nikatazama juu. Ningesema kipelekwe kwa wazazi wangu, lakini kitanda cha mwana na mkewe kulala chini ya paa la baba yake ni aibu kubwa kuliko ile tuliyokuwa tukiikwepa. Shangazi hata hakusubiri niulize, alitikisa kichwa tu. Jirani wa karibu yuko bondeni, na njia ya kwenda kwake ng'ombe wenyewe huteremka kwa kukaa. Baraza lilikuwa jembamba mno, na mvua hulipiga mpaka ukutani. Tulikuwa na nailoni moja, nayo ilitosha kufunika tu mito iliyokuja na kitanda.

"Kinyeshewe," nikasema. "Kitakauka."

"Vanishi haijakauka, bosi," seremala akasema, sasa hana tabasamu. "Ikinyeshewa itatoka mabakamabaka."

Nilirudi ndani. Baba alikuwa juu ya ngazi akipaka, haraka kuliko kawaida, akiruka mbele ya mdundo. Upande wa kushoto wa dirisha ulikuwa umekwisha. Uliobaki ni ule wa kulia na pande zote zinazolizunguka dirisha lenyewe.

"Tata, acha kinyeshewe," nikamwambia. "Nitanunua kingine. Maliza ukuta."

Tone la kwanza likagonga mabati. Baba akasimamisha rola. Alitazama ule ukuta, akanitazama mimi. Kisha akashuka ngazi, akaiegemeza rola kwenye ndoo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Omwana one, mwanangu," akasema, "mtu haharibu kitanda cha watu kwa sababu ya ukuta. Nyumba ni kitanda. Ukuta ni wa kuzuia upepo." Akatoka mlangoni, akavuka kizingiti bila kugeuka nyuma, na akiwa barazani akapaza sauti: "Ingizeni!"

Wanaume wote wakakikimbilia. Shangazi aliamuru, seremala alibeba pembe mbili peke yake, mke wangu alishika mito, na kitanda kikaingia ndani dakika ileile ambayo mbingu zilifunguka. Nikakisikia kikigonga sakafu ya chumba cha kulala. Nyumba yangu ikawa nyumba. Nilipaswa kufurahi, lakini nilisimama sebuleni mbele ya nusu ukuta.

Mvua ilipiga mabati mpaka ikaimeza sauti ya redio. Niliona kanda ikizunguka lakini sikusikia hata gitaa moja. Nikaokota rola. Nikaanza kupaka ule upande wa kulia, vibaya, bila mdundo, rola inakwenda inavyotaka.

Ndipo nikasikia sauti mbaya kuliko zote zilizowahi kufukuzwa katika kwaya ya Katoliki. Baba alikuwa barazani, nyuma ya dirisha, ameng'ang'ania grili kwa mkono mmoja, anaimba upande B. Aliujua wote kwa moyo. Maneno aliyatunga kwa sababu lugha yenyewe haijui, lakini magitaa aliyatoa kwa mdomo, moja moja, na besi akaipiga kwa kiganja ukutani. Rola yangu ikashika mdundo. Mimi nikacheka, naye akacheka, lakini hakuacha kuimba, na nikapaka upande ule wa kulia mpaka karibu na dirisha.

Kisha akafika kwenye ile sebene yake. Akakatiza wimbo, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Lete brashi."

"Tata, kitanda kimeshaingia."

"Nimekiona. Mimi niko nje. Mkono si mtu."

Nilimtazama shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni akijikausha na leso. Alifikiri, kama alivyofikiri mara ya kwanza. Akatafuta kosa. "Mkono si mtu," akakubali.

Nikamkabidhi brashi iliyolowa. Vioo vilikuwa bado havijawekwa kwenye dirisha lile. Baba akapitisha mkono kati ya nondo za grili mpaka begani, shavu limebanwa kwenye chuma, akaukunja ndani na kuanza kupaka kuzunguka dirisha bila kuona anachokipaka. Mimi nilimwongoza. Juu kidogo, Tata. Kushoto. Hapo umeruka. Naye anaimba, mvua inamrushia matone mgongoni, mke wangu amesimama koridoni akipiga makofi kwa mdundo wa kilimwengu siku ambayo si ya Sabato. Alipaka hadi mkono wake ulipofika mwisho, kisha akahamia upande wa pili wa dirisha akaanza upya.

Mwaka jana mke wangu alichoka na njano. Alinunua rangi ya maziwa na tukaipaka sebule nzima, mimi na yeye, kwa zamu, ukuta wa kwaya, ukuta wa rumba. Nilipofika kwenye dirisha la barazani, nikakuta ameshabandika selotepu ya karatasi kuizunguka ile sehemu ya mzee, kwa kufuata kila pindo lake. Ukija kwangu utaiona. Dirisha moja lina ukingo wa njano ya ndizi, mpana, umepinda hapa na pale, unaishia pale ambapo mkono wa baba yangu uliishia.

Vioo tuliviweka, lakini lile pande la kufunguka hatulifungi mpaka usiku. Jioni baba huja akakaa kwenye benchi la barazani. Mimi huweka kanda, yeye huniambia niongeze sauti, na mke wangu humimina chai. Halafu mkono ule unapita kwenye grili, unaingia nyumbani kwangu, unapokea kikombe, unatoka.